Ziwa lipumzike, na marejesho nayo yapumzike: barua ya wazi kutoka mwalo wa Kibirizi

Kwa Waheshimiwa:
Waziri wa Mifugo na Uvuvi,
Mkuu wa Mkoa wa Kigoma,
Wakurugenzi wa Manispaa ya Kigoma-Ujiji na wa Halmashauri za Wilaya za Kigoma na Uvinza.

YAH: KIPATO NA MADENI YETU MIEZI AMBAYO ZIWA TANGANYIKA LINAFUNGWA

Waheshimiwa, shikamooni. Na kwa wale ambao kwa umri ni wanangu, habari za kazi.

Mimi ni mama wa dagaa hapa mwalo wa Kibirizi, ufukwe wa kupokelea samaki, Kigoma mjini. Alfajiri vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, vikiingia nanunua wabichi, naanika, na nikishakusanya mzigo wa kutosha nauza kwa wafanyabiashara wanaosafirisha kwenda Tabora, Dodoma na Dar es Salaam. Kwenye kikundi chetu cha hisa mimi ndiye mweka hazina, na barua hii naiandika zaidi kwa nafasi hiyo. Daftari la kikoba linazijua nyumba za watu kuliko mjumbe wa nyumba kumi. Linajua nani amekopa kwa ajili ya sare za shule, nani amekopa nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya Bugando, Mwanza, na nani amekopa ili alipe mkopo wa mahali pengine.

Niliseme mapema ili nisije nikawekwa upande usio wangu: sipingi ziwa kufungwa. Mwaka 2024 lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, yaani sisi, Kongo, Burundi na Zambia, nilikuwa miongoni mwa waliosema afadhali. Kufunga upande wetu peke yake kusingesaidia, maana samaki hawana pasi ya kusafiria. Na anayebisha kwamba samaki wamepungua aje ashike beseni la dagaa wa siku hizi, aangalie ukubwa wao, kisha amuulize mzee yeyote wa Ujiji au Katonga kuhusu samaki wetu wa migebuka wa zamani.

Wataalamu wanatuambia pia kwamba kosa si la nyavu peke yake. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, na rutuba inayolisha samaki imelala chini huko. Hupandishwa na upepo wa kiangazi unaochanganya maji. Maji ya juu yakizidi kupata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, dagaa wanakosa chakula hata kama hakuna aliyewagusa. Kama hivyo ndivyo, basi kufunga ziwa hakuwezi kuwa jambo la mwaka mmoja likaisha. Litarudi. Na jambo linalorudi kwa tarehe halipaswi kutukuta kila mara kama moto wa usiku.

Ninachokilalamikia ni kwamba tarehe ile ilifunga mapato peke yake. Haikufunga kitu kingine chochote. Kodi ya chumba iliendelea, umeme uliendelea, mtoto aliendelea kula, na marejesho ya mikopo yaliendelea kila wiki kama vile vipe bado viko ziwani.

Naomba mnisikilize kuhusu namna kipato chetu kinavyokwenda, kwa sababu nadhani hapo ndipo mipango inapopotea njia.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikikolea, taa haiwavuti tena, vipe vinapumzika ufukweni, wavuvi wanashona nyavu au wanakwenda makwao. Kwa hiyo kila mwezi tunafungiwa ziwa na mwezi wenyewe, bila tangazo la serikali. Kila nyumba ya mwaloni inajua kununua unga wa muhogo, maharage na mawese kabla mwezi haujakua. Ndiyo maana huwa nacheka kidogo, mnisamehe, ninapoona semina ya kutufundisha umuhimu wa kuweka akiba, pamoja na soda na posho ya mwezeshaji. Akiba tunaijua. Tatizo ni kwamba akiba ya mbalamwezi ni ya wiki moja, ikizidi sana siku kumi. Kutoka Mei 15 hadi Agosti 15 ni wiki 13.

Na miezi yenyewe ilivyokaa! Kiangazi ndiyo wakati wetu wa kuanika. Mvua zimekata, jua ni kali, dagaa wanakauka vizuri bila kuoza wala kubadilika rangi, na mzigo wa namna hiyo ndio wenye bei mjini. Masika tunaanika huku tunakimbizana na mawingu, nusu ya mzigo unaishia kuwa chakula cha kuku. Kwa hiyo anayevua anapoteza miezi mitatu, anayeanika anapoteza miezi mitatu iliyo bora kuliko mingine yote. Sikukuu ya Idi ya kuchinja mwaka ule iliangukia Juni. Julai kidato cha tano kinaanza: ada imeondolewa, tunashukuru sana, lakini fomu ya kujiunga bado ina godoro, ndoo, jembe, viatu, karatasi, nauli ya kwenda mkoa mwingine. Mzazi mmoja wa kikundi chetu alifika na fomu ile akaiweka mezani kwangu bila kusema neno.

Kuna suala la nani anahesabiwa. Katika mkutano niliohudhuria kabla ya kufungwa, orodha iliyosomwa ilikuwa ya vyombo: fulani ana kipe, fulani ana boti, fulani ana injini. Sawa, mwenye chombo anaumia. Lakini mwenye chombo mara nyingi ana nyumba ya kupangisha, au duka Mwanga, au shamba la michikichi. Kijana anayevuta wavu kwenye kipe hicho hana mshahara. Usiku ukiisha hutolewa kwanza gharama za mafuta na chakula, kinachobaki hugawanywa, mwenye chombo fungu lake, wavuvi fungu lao. Ziwa likifungwa, fungu lake linakuwa sifuri, na jina lake haliko kwenye karatasi yoyote. Nyuma yake kuna wabebaji wa mabeseni, kuna sisi wa kuanika, wanaochoma migebuka, mama lishe wa chai ya alfajiri, fundi injini, vijana wa bodaboda wanaosubiri mzigo. Mtu akisema waliosimama ni wavuvi tu, hajawahi kufika hapa saa kumi na mbili asubuhi.

Mfanyakazi wa ofisini akiachishwa kazi, sheria imemfikiria kidogo. Aliyechangia kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii kwa miezi 18 au zaidi anaweza kudai fao la kukosa ajira, kama theluthi ya mshahara wake, kwa miezi sita. Si nyingi, lakini anapata mahali pa kukanyagia huku akitafuta kazi nyingine. Sisi hatujaachishwa kazi na mwajiri. Tumesimamishwa na serikali, kwa sababu nzuri, kwa tarehe iliyoandikwa, na hatuna fao la jina lolote.

Mtasema kuna TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Ndiyo, ipo, na inawasaidia watu ninaowafahamu. Lakini kaya za TASAF hutambuliwa kwa umaskini wa muda mrefu, kwa orodha iliyopitishwa na mkutano wa kijiji au mtaa. Mama aliyekuwa na mtaji wake Mei 14 na hana kitu Juni 20 hayumo kwenye orodha ile, na itakapokuja kuhakikiwa upya yeye atakuwa ameshauza cherehani. Mtasema kuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ile ya wanawake asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2, isiyo na riba. Nayo ni mizuri. Bahati mbaya ilikuwa imesitishwa tangu Aprili 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, na ziwa lilipofungwa Mei 2024 ilikuwa bado haijarudi. Yaani mlango mmoja ambao mama wa dagaa angeugonga bila kuogopa riba ulikuwa umefungwa wakati huohuo na ziwa.

Ukabaki mlango wa wale wengine.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa maana ndipo palipoumia zaidi. Jirani yangu, mke wa mvuvi, alichukua Aprili mkopo wa 200,000 kuongeza mtaji wa dagaa. Masharti: wiki kumi, kila wiki 26,000. Jumla 260,000. Alilipa rejesho la kwanza, la pili, la tatu, kisha ziwa likafungwa. Mume hana fungu, yeye hana dagaa, deni limebaki 182,000. Alipokwenda kueleza kwamba ziwa limefungwa na serikali, akajibiwa kwamba mkopo haukutolewa na ziwa. Wiki ya nne alilipa kwa kuuza mbuzi. Ya tano kwa kuazima. Ya sita alikwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, wale tunaowaita kausha damu, akachukua mkopo wa kulipa mkopo. Kilichofuata mnakijua, kwa sababu kinatokea kila mji wa nchi hii: pikipiki inakuja na watu wawili, godoro na sabufa vinatoka mlangoni, watoto wanaangalia.

Tufanye hesabu, maana mimi ni mtu wa hesabu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu mwaka 2018, na Benki Kuu iliweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wanaokopesha bila kupokea amana, asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa 200,000 hiyo ni 7,000 kwa mwezi. Wiki kumi ni kama miezi miwili na nusu, kwa hiyo riba isingezidi 17,500, hata ukiihesabu kwa deni zima bila kupunguza kilichokwishalipwa. Yeye alitakiwa kulipa 60,000. Hiyo ni kabla ya ziwa kufungwa, kabla ya faini ya kuchelewa, kabla ya kausha damu. Mkopeshaji yule simtaji. Si yeye peke yake, na anayetaka kuwajua wote akae kwenye kijiwe chochote cha mwaloni siku ya marejesho, wanapita na madaftari yao mchana kweupe.

Waheshimiwa, watu wengi wanadhani kwamba mtu akipoteza kipato ghafla anaanguka kwa njaa. Si hivyo. Njaa ya wiki ya kwanza tunaiweza, tunapunguza mlo, tunarudi kwenye ugali wa muhogo na kisamvu, ndugu wa Kasulu anatuma gunia. (Hata dagaa wa Mwanza walipata heshima miezi ile, heshima ambayo Kigoma hatujawahi kuwapa.) Anachoanguka nacho mtu ni deni lililopangwa kwa kipato ambacho hakipo tena. Njaa humtoa mtu kilo mbili tatu. Deni linachukua mtaji, na bila mtaji, Agosti 16 vipe vikirudi ziwani yeye anasimama ufukweni anaangalia wengine wakinunua.

Niwaeleze tulivyofanya sisi. Sielezi ili tusifiwe, ila mwone kwamba inawezekana.

Mapema Mei tuliitisha kikao cha dharura. Tukakubaliana kwamba katika miezi ile hisa itakuwa hiari, mwenye nacho anunue, asiye nacho asitozwe faini. Mikopo yote iliyokuwa mikononi mwa wanachama isimame ilipofika, riba isiongezeke, marejesho yaanze tena wiki ya pili baada ya ziwa kufunguliwa. Wiki ya kwanza tuliiacha makusudi, kwa sababu ile ni ya kununua mzigo. Mfuko wa jamii, ambao kwa kawaida ni wa misiba na ugonjwa, tuliutoa tukanunua unga na maharage kwa bei ya jumla kwenye mnada, kila mmoja akachukua kwa kuandikisha, kwa bei ileile tuliyonunulia.

Kikao hakikuwa cha amani. Wenye hisa nyingi walikasirika, na walikuwa na haki: riba ikisimama, mgao wao wa mwisho wa mwaka unapungua. Mmoja alisema wazi kwamba yeye aliweka fedha zake zizae, hakuziweka ziwe sadaka. Tulimjibu kwamba mkopaji akinyang'anywa mtaji na watu wa nje, hata hilo deni letu hatalilipa. Tukapiga kura. Mwisho wa mwaka mgao ulikuwa mdogo kweli, na yule mama hakuacha kutukumbusha. Lakini mikopo ile yote ililipwa, na hakuna mwanachama aliyeuza mabeseni yake wala vichanja vyake ili kutulipa sisi. Jirani yangu niliyemtaja hakuwa mwanachama wetu. Sasa ni mwanachama.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, na kama mtanisikiliza moja tu basi liwe hili: siku mnapotangaza kufunga ziwa, tangazo hilohilo liwe na kipengele cha madeni. Wakopeshaji wote wenye leseni wanaofanya kazi kwenye kata za mwambao, kuanzia Kagunga kule mpakani mpaka Kalya, wasimamishe marejesho ya watu waliosajiliwa kwenye mialo kwa muda ambao ziwa limefungwa, bila faini na bila riba juu ya riba. Ninajua Wizara ya Uvuvi haina mamlaka juu ya Benki Kuu. Lakini mnakaa meza moja, mna simu za kupigiana, na walioandika mpango wa kufunga ziwa walikaa na nchi tatu jirani. Kukaa na Benki Kuu haiwezi kuwa ngumu kuliko hapo. Wale wasio na leseni, hao ni kazi ya halmashauri na polisi, na hapo sina la kuwafundisha.

La pili ni akiba, na hapa nina pendekezo lililokamilika.

Kila beseni linalouzwa mwaloni tayari linajulikana. Ushuru unakusanywa, mashine za kukatia risiti zipo, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, kipo. Mtambo wa kukata fedha kidogo kidogo kutoka kwenye dagaa tunao, tena unafanya kazi vizuri sana, hasa asubuhi za mavuno. Tunachoomba ni kwamba kwa miezi tisa ambayo ziwa liko wazi, mtu anayekubali akatwe kiasi kidogo kiingie kwenye akaunti ya simu yenye jina lake mwenyewe, ambayo haifunguki mpaka Mei. Chukua mama anayenunua mabeseni manne kwa usiku, akatwe 500 kwa beseni. Hiyo ni 2,000. Kwa usiku 18 wa kazi katika mwezi ni 36,000, kwa miezi tisa ni 324,000. Serikali ikiongeza nusu yake tu, zinakuwa 486,000, ambazo kwa wiki 13 ni kama 37,000 kila wiki. Najua kuna usiku vipe vinarudi vitupu na hesabu haitatimia. Hata ikitimia theluthi mbili, mtu huyo hana haja ya kwenda kwa kausha damu kununua unga na sabuni.

Hili si wazo la ajabu. India wanalo kwa muda mrefu: mvuvi anachangia rupia 1,500 miezi ya uvuvi, serikali zinaongeza 3,000, kisha anarudishiwa zote katika miezi mitatu ya ukata. Brazil walikwenda mbali zaidi, sheria yao ya mwaka 2003 inampa mvuvi mdogo mshahara wa kima cha chini kila mwezi ambao uvuvi umefungwa, kama vile mfanyakazi aliyekosa ajira. Sisi hatuombi ya Brazil, hazina yetu tunaijua. Tena wao wamesumbuka na majina ya watu wasiowahi kushika wavu. Ya India inatutosha, kwa sababu kimsingi ni kikoba ambacho serikali imenunua hisa.

Lakini kuna sharti, na hili nalisema kwa niaba ya watu wengi. Fedha za makato katika mkoa wa wakulima na wavuvi zina historia yake. Wazee wetu walikatwa kwenye mazao, wakaambiwa ni akiba, wengine mpaka wanazikwa hawakuiona. Kwa hiyo kila makato yalete ujumbe kwenye simu ya mwenye fedha palepale mwaloni. Fedha zisipite kwa mwenye kipe, zisipite kwa chama chochote, na orodha ya waliosajiliwa isomwe hadharani mwaloni ili watu wenyewe waseme huyu tunamjua, huyu hatujawahi kumwona. Hiyo ndiyo dawa ya majina hewa, haihitaji mfumo wa mabilioni. Kijana anayevuta wavu asajiliwe kwa jina lake. Mama wa kuanika asajiliwe kwa jina lake, asiandikwe kama mke wa fulani.

Mengine ni mepesi zaidi. Mikopo ya asilimia 10 kwa kata za mwambao itoke Machi au Aprili, si Agosti baada ya mtu kuishiwa, na ya safari hii iruhusu kipindi cha kutolipa hadi ziwa lifunguliwe. Kwa mtu asiye na ziwa, mkopo wa kilimo cha mboga bondeni au wa kukamua mawese unaeleweka, lakini fedha ikimkuta ameshauza jembe haina maana. TASAF ina utaratibu wa ajira za muda, watu wanafanya kazi za jamii na kulipwa. Basi kwa miezi mitatu ile wavuvi wasajiliwe humo. Kazi zipo mpaka zinatia aibu: vichanja vya kuanikia vimechakaa na dagaa wengi bado wanaanikwa mchangani, mifereji ya mwaloni imeziba, vilima vya nyuma yetu havina miti na mvua inamwaga udongo wote ziwani, udongo huohuo tunaoambiwa unaharibu mazalia ya samaki. Mvuvi analipwa kutunza mazalia wakati samaki wanazaliana. Sijui kwa nini hili linahitaji mama wa dagaa kulisema.

Na ada ya leseni. Leseni ya uvuvi hulipiwa ya mwaka mzima. Kama mwaka una miezi tisa, ilipiwe ya miezi tisa. Sina zaidi hapo.

Tarehe nayo. Mkishakubaliana na wenzenu wa nchi tatu jirani kwamba ziwa litafungwa mwaka fulani, tuambieni mapema, hata Septemba ya mwaka uliotangulia, na mkibadilisha mtuambie haraka. Uvumi unatugharimu. Tukisikia ziwa litafungwa, mfanyabiashara wa Dar es Salaam anasita kuleta fedha, tukisikia halifungwi mtu anakopa, kisha likafungwa. Mwaka 2024 tulijua, lakini kabla ya hapo tulishasikia habari za kufungwa zikaja zikapoa, na watu wengine hawakuamini mpaka doria ilipoanza.

Nimeongea na wenzangu wa Katonga na wa upande wa Uvinza, na wao wana yao ambayo sikuyaandika, hasa habari za usafiri na wavuvi kutoka nchi jirani. Wanasema nisiwasemee, watasema wenyewe. Wenzetu wa Katavi na Rukwa nao wako kwenye ziwa hilihili, na kitakachoamuliwa Kigoma kitawagusa.

Mkikubali kuja kuzungumza, nina maelekezo kidogo. Msije asubuhi, asubuhi dagaa wako juu ya mchanga na hakuna mama atakayeacha mzigo ukaliwa na kunguru ili asikilize hotuba. Msije siku za giza, vijana wa vipe watakuwa wamelala. Njooni siku za mbalamwezi, saa kumi jioni, wavuvi wakiwa nchi kavu wanashona nyavu. Msiite wenye vyombo peke yao. Mje na mtu wa Benki Kuu, mje na mtu wa TASAF, na mje na kalamu, kwa sababu sisi madaftari tutakuwa nayo.

Wenu mtiifu,
Mweka hazina wa kikundi cha hisa,
Mwalo wa Kibirizi, Kigoma.